Barua ya wazi kwa wakuu wa ulinzi wa jengo letu: wapo wanaosoma ramani, na kitabu cha matukio hakisomwi

Kwa Mkurugenzi wa jengo,
Kwa Mkuu wa Usalama,
Kwa uongozi wa kampuni inayotuajiri sisi walinzi.

YAH: TAARIFA ZA WATU WANAOPELELEZA JENGO KUTOFANYIWA KAZI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mlinzi wa lango la mizigo, huu ni mwaka wangu wa tisa. Malalamiko haya si mageni kwenu. Mara ya kwanza niliyasema kwa mdomo kwa msimamizi wa zamu. Mara ya pili niliandika ukurasa mmoja. Mara ya tatu nilileta barua, nikagongewa muhuri wa kupokelewa na nakala ninayo. Jibu limekuwa neno moja tu, "tumepokea", na miezi minne imekatika. Mlango wa ndani nimeubisha mpaka vidole vimeniuma, ndiyo maana leo nagonga wa nje. Jina la jengo silitaji, wala majina yenu. Mwenye kuhusika atajijua, na barua inayoeleza udhaifu wa jengo haifai kumpa msomaji na anwani yake.

Nianze na kilichoninyima usingizi.

Usiku mmoja nilikuwa napekua kitabu cha matukio nikitafuta tarehe ambayo taa ya lango iliungua, maana fundi alikuwa anabisha. Nikakutana na mwandiko wangu mwenyewe: "Saa 4:10 asubuhi. Mwanaume, shati jeupe, mkoba wa kompyuta. Amesimama kituo cha basi mkabala na lango la mizigo dakika 40. Mabasi manne yamepita, hakupanda hata moja." Nilikuwa nimeshasahau kwamba niliandika hayo. Nikachukua kitabu cha mapokezi, kurasa za nyuma kidogo, mwandiko wa mwenzangu wa huko: mtu mwenye mkoba wa kompyuta ameulizia ofisi ya kupanga, kisha akauliza kama usiku walinzi huwa wengi kama mchana. Nikafungua kitabu cha maegesho, nikaenda mbele siku sita. Mwandiko wa tatu, wa kijana wa maegesho: mkoba wa kompyuta umekutwa kwenye nguzo, hauna mwenyewe; mlinzi alipofika, mwenye mkoba akashuka kwenye gari lililoegeshwa upande wa pili, akasema alisahau. Kijana aliongeza sentensi moja ambayo naona inastahili ofa ya chai: "Alikuwa anatutazama muda wote na saa yake mkononi."

Zamu tatu, malango matatu, miandiko mitatu. Ukisoma tukio mojamoja, huoni kitu. Ukiyapanga mezani kwa pamoja, nywele zinasimama.

Mtu huyo alikuwa nani? Sijui mpaka leo. Huenda kweli alitafuta ofisi. Huenda ni mume anayemvizia mkewe, au hawakuwa mtu mmoja, mikoba ya kompyuta ni mingi. Mimi si hakimu wake. Ninacholalamikia ni kwamba hakuna mtu katika ngazi zote zilizo juu yangu aliyejisumbua kujua, na nilipoomba picha za kamera za siku hizo nikaambiwa mashine imeshajifuta.

Mtaniambia natafuta makubwa kwenye madogo. Basi tutazame makubwa yalianzaje.

Ubalozi wa Marekani mjini Nairobi ulilipuliwa Agosti 7, 1998, na zaidi ya watu 200 wakafa katika mji ule peke yake. Lakini mtu wa kwanza kuusoma ramani ubalozi ule alifika mwaka 1993. Ali Mohamed, aliyewahi kuwa sajenti katika jeshi la Marekani, alikiri mahakamani New York mwaka 2000 kwamba alipiga picha, akachora michoro, akaandika ripoti. Na kwamba Osama bin Laden aliitazama ile picha akaonyesha kwa kidole mahali lori linapoweza kupita. Karibu miaka mitano kati ya picha na lori. Na siku ya siku, lori lilipofika lango la nyuma, aliyekataa kulifungulia alikuwa mlinzi asiye na silaha. Mtu wa kada yangu.

London, waliolipua treni na basi Julai 7, 2005 na kuua watu 52: watatu kati ya wanne walishafanya safari ya majaribio Juni 28, siku tisa kabla, na kamera za stesheni ziliwanasa. Mumbai, India, David Headley, mpelelezi wa washambuliaji, alikwenda na kurudi kati ya 2006 na 2008, akafungua ofisi ya kusaidia watu mambo ya uhamiaji kama kificho, akalala katika hoteli ambayo baadaye ilishambuliwa. Novemba 2008 wakafa watu 166. Dhiren Barot, Mwingereza aliyekuwa anapanga mashambulizi, alizunguka majengo ya fedha ya New York, Newark na Washington mwaka 2000 na 2001. Kazi yake ilikuja kujulikana 2004, maelezo yakiwa kwenye kompyuta, yamesubiri.

Hawa wote, kabla ya siku yao, walilazimika kuja kutazama. Kabla ya hapo mpango uko chumbani na hakuna mlinzi wa kuuona. Baada ya hapo mlinzi hana muda tena. Katikati pale ndipo mtu huyo anasimama mbele yangu kwa miguu yake mwenyewe, na mara nyingi hajui kazi ya upelelezi vizuri kama anavyojidhania. Anarudi mahali palepale. Anakwepa macho. Anajibu swali ambalo hakuulizwa.

Baada ya utangulizi huo mrefu, haya ndiyo malalamiko yangu.

1. Kitabu cha matukio kimekuwa kaburi. Tunaandika, tunafunga, tunakabidhi zamu. Msimamizi anasaini chini ya ukurasa bila kusoma. Najua hasomi kwa sababu mwezi uliopita mwenzetu mmoja aliandika kwa makusudi kwamba ng'ombe wawili wamepanda lifti, na saini ikapigwa. Mlicheka? Sisi tulicheka, kisha tukanyamaza. Mlinzi mmoja hawezi kugundua kwamba mtu amerudi mara tatu kama mara mbili alirudi kwenye zamu za wengine. Wa kuunganisha ni yule anayesoma vitabu vya malango yote kwa pamoja, na kwenu mtu huyo hayupo.

2. Mmetufundisha kutazama sura, hamkutufundisha kutazama mwenendo. Hili nataka kulikalia kidogo.

Mafunzo tuliyopata ni nusu saa, bango moja ukutani, na mkufunzi aliyetuambia tuwe macho na "watu wa aina fulani". Alipoulizwa aina gani, akapapasa kidevu chake kuashiria ndevu. Waheshimiwa, mtu wangu wa kituo cha basi alikuwa amenyoa na shati lake limepigwa pasi. Anayekuja kupeleleza anajitahidi afanane na mahali. Headley alikuwa Mmarekani mwenye ofisi na kadi za biashara. Tukiendelea kutazama ndevu na hijabu tutawadhalilisha watu wasio na hatia asubuhi mpaka jioni, na mpelelezi mwenye tai atapita tukimpigia saluti.

Wanaoijua kazi hii wanafundisha mambo manne ambayo hata kijana wa wiki ya kwanza anaweza kuyashika: muda, mazingira, umbali na mwenendo. Yaani, je, mtu huyu unamwona tena na tena kwa muda mrefu? Unamwona katika mazingira tofauti yasiyohusiana, leo lango la mbele, kesho maegesho? Unamwona tena mahali palipo mbali na pale ulipomwona kwanza? Na mwenendo wake unaendana na kile anachojifanya anakifanya? Mtalii hupiga picha sura ya jengo, na mwenzake yumo kwenye picha anachekelea. Anayepiga picha kizuizi cha magari, bawaba za mlango wa dharura, kamera yenyewe na kona ambayo kamera haifiki, huyo anastahili salamu.

Kisha kuna maswali. Mtu anayeuliza choo kiko wapi ana haja ya choo. Anayeuliza zamu inabadilishwa saa ngapi, ufunguo wa lango la mizigo anakaa nao nani, na gari la maji likija mnalikagua au mnalijua tu, huyo anachota habari. Na huchota kwa upole: atakusifu, atakupa pole ya kazi, atakuambia na yeye aliwahi kuwa mlinzi. Mimi mwenyewe nimewahi kuingia mtego huo. Nilijibu maswali manne mfululizo kabla sijajiuliza huyu bwana mchangamfu ni nani. Hakuna kilichotokea, lakini naikumbuka aibu ile.

Mwisho kuna kupima. Mkoba unaoachwa ili mtu aone mlinzi atafika baada ya dakika ngapi. Kengele ya moto inayopigwa bila moto, na mtu ng'ambo ya barabara anatazama watu wanatokea mlango gani na wanakusanyika wapi. Mtu anayejaribu mlango uliofungwa, akikutwa anasema amepotea, na wiki ijayo amepotea tena kwenye mlango wa pili. Tunayaandika haya kama usumbufu. Hamjawahi kutuambia kwamba kuna jina la pamoja la mambo hayo: kupeleleza jengo.

3. Hatuna njia ya kusema haraka. Redio zetu ni za mtu na mwenzake: betri hazifiki mwisho wa zamu, na chaneli moja tunagawana na watu wa usafi. Mnaukumbuka ukumbi wa muziki wa Manchester, Uingereza, uliolipuliwa Mei 22, 2017. Mlipuaji alishafika pale kuchungulia kuanzia tarehe 18, na usiku wa tukio alijibanza mahali ambapo kamera haikuona. Mzazi mmoja aliyekuja kumchukua mtoto wake akamtilia shaka, akamfuata na kumuuliza ana nini kwenye begi, kisha akamweleza mhudumu. Mhudumu akamweleza mlinzi wa miaka 18. Yule kijana alijaribu redio, hakupata mtu, akarudi kwenye nafasi yake. Saa 4:31 usiku watu 22 wakauawa. Kijana yule aliwaambia wachunguzi kwamba pia aliogopa kuonekana mbaguzi. Tume ya uchunguzi ya Sir John Saunders iliandika mwaka 2021 kwamba nafasi za kuzuia au kupunguza maafa zilipotezwa. Sisomi habari ile kama ya Uingereza. Namwona kijana yule na redio mkononi anabonyeza, anabonyeza, na najua kabisa mlio anaousikia.

4. Kamera zinarekodi, hazilindi. Anayezitazama ni mmoja kwa skrini nyingi, na ndiye huyohuyo anayepokea simu na kutoa vitambulisho vya wageni. Kona ya maegesho ambayo kamera haioni sisi walinzi tunaijua, wavuta sigara wanaijua pia. Sitasema zaidi hapa.

5. Anayeripoti anageuzwa kituko. Kijana wa maegesho aliyeandika habari ya mkoba aliitwa "FBI" kwa wiki mbili, na wa kwanza kumwita hivyo alikuwa msimamizi. Mwenzetu mwingine aliyemzuia mgeni mmoja anayepiga picha chumba cha umeme alikatwa mshahara wa siku moja, kwa sababu mgeni yule alikuwa na rafiki ghorofa ya juu. Richard Jewell, mlinzi aliyeliona begi la bomu bustanini wakati wa Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 na kusaidia kuondoa watu, aligeuzwa mshukiwa na kuanikwa magazetini kwa takriban miezi mitatu kabla ya kusafishwa. Aliyetega alikuwa mtu mwingine kabisa, Eric Rudolph, aliyekiri mwaka 2005. Walinzi tunazijua hadithi hizi. Kila mmoja wetu, kabla hajanyanyua redio, anapiga hesabu ya gharama.

6. Jengo linajisomea ramani lenyewe. Kwenye tovuti yenu kuna mchoro wa kila ghorofa, ngazi za dharura zikiwa zimepakwa rangi nyekundu. Kampuni ya ukarabati imeweka mtandaoni picha za chumba cha mitambo kujisifia kazi nzuri. Wafanyakazi wanapiga selfi na vitambulisho vimening'inia kifuani, msimbo unasomeka. Mpelelezi wa siku hizi anamaliza nusu ya kazi akiwa kitandani, na hiyo nusu mimi siwezi kuiona nikiwa langoni. Iko mikononi mwenu.

Najua mtakayojibu, kwa sababu mengine nimeshajibiwa kwenye korido.

Mtasema hakuna bajeti. Kusoma kitabu cha matukio kila asubuhi hakuhitaji bajeti, kunahitaji miwani. Mtasema kazi ya upelelezi ni ya polisi. Ni kweli, na siombi kuifanya. Naomba polisi wapate cha kufanyia kazi, maana hawawezi kukaa kwenye lango langu kwa muda wa saa kumi na mbili kila siku. Mtasema tutawatia wapangaji hofu. Wachuuzi wa mtaani wa Times Square, mjini New York, walioona gari likifuka moshi Mei 1, 2010 hawakutia mtu hofu: walimwambia askari aliyekuwa karibu, eneo likaondolewa watu, bomu likakutwa ndani ya gari, na hakuna aliyekufa.

Kuna jibu moja ambalo naliheshimu: kwamba mkitupa mamlaka ya kutilia shaka, tutawasumbua watu. Hofu hiyo ni ya kweli, na nimeona wenzangu wakifurahia mamlaka kupita kiasi. Dawa yake haipo kwenye kunyamaza. Waingereza wanawafundisha wafanyakazi wa majengo ya umma nguvu ya salamu, na nilipoisikia nilitabasamu, kwa sababu salamu sisi tumezaliwa nayo. "Habari yako ndugu, naweza kukusaidia?" Asiye na neno atafurahi kusaidiwa. Aliyekuja kuchungulia amejua kwamba ameonekana, na hilo ndilo asilolitaka. Hakuna aliyeshikwa mkono, aliyepekuliwa wala aliyetukanwa. Baada ya hapo mlinzi anaandika alichokiona: mwenendo, muda, mahali, mavazi, namba ya gari. Dini na kabila vibaki nje ya kitabu.

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

a) Ateuliwe mtu mmoja, kwa jina na namba ya simu, wa kusoma vitabu vya malango yote kila siku na kuunganisha matukio. Mtu huyo awe na mawasiliano na polisi, na aliyeandika taarifa aambiwe imefikia wapi, hata kama jibu ni "tumemfuatilia, ni fundi wa lifti".

b) Mafunzo ya siku nzima kwa walinzi, watu wa usafi, mapokezi na maegesho, yakihusu mwenendo na siyo sura, na yarudiwe kila mwaka. Watu wa usafi wasiachwe. Wanaona kuliko sisi wote.

c) Chaneli ya redio ya walinzi peke yao, na neno moja la tahadhari ambalo likitamkwa wengine wote wananyamaza.

d) Picha za kamera zihifadhiwe papo hapo mlinzi anapoandika tukio la kutilia shaka, zisisubiri barua tatu.

e) Michoro ya ghorofa iondolewe mtandaoni.

f) Itolewe kauli ya maandishi kwamba mlinzi aliyeripoti kwa nia njema hatakatwa wala kuadhibiwa, hata akikosea.

Uingereza wameshafikia kutunga sheria. Ile iitwayo Sheria ya Martyn, jina la mmoja wa waliouawa Manchester, ilipitishwa Aprili 2025 baada ya mama yake kuipigania miaka mingi, nayo inawataka wenye majengo yanayoweza kujaa watu 200 na zaidi wawe na utaratibu wa kuwalinda. Kwetu hapa jengoni wanapita zaidi ya hao kabla ya saa nne asubuhi. Siwaombi sheria, naombeni kikao.

Nasubiri jibu ndani ya siku 14. Vitabu vya malango matatu vipo. Kurasa za matukio niliyoyataja nimezitia alama kwa uzi mwekundu, na cha kwangu kipo kwenye droo ya meza ya lango la mizigo. Wiki hii nipo zamu ya usiku.

Wenu katika kazi,

Mlinzi, lango la mizigo

Nakala: wawakilishi wa wapangaji, walinzi wenzangu wa zamu zote.